Mdundo wa Mlangoni

Mei 3

Nimefika kijijini Outeiro na masanduku mawili, la nguo na la vitabu. Dereva wa basi alipolinyanyua la vitabu akaniuliza kama nimebeba mawe ya kaburi langu mwenyewe. Nimepewa chumba juu ya shule ya zamani, shule ambayo haijaona mtoto siku nyingi. Dirisha linatazama bwawa. Nilimwomba mama anayetunza jengo anipe chumba cha upande wa pili.

"Upande huu ndio mzuri, mwalimu," akasema. "Wageni wote wanataka kuona maji."

Chini ya maji hayo iko nyumba yetu. Sikumwambia.

Mei 5

Niandike mapema kilichonileta, nisije nikajidanganya baadaye.

Halmashauri inataka darasa la ngoma kwa watu wa rika lolote, kwa sababu mpigaji wa mwisho wa Outeiro alizikwa Januari, na sikukuu ya Agosti bila ngoma kubwa si sikukuu. Wakatafuta mtu anayejua midundo ya zamani wakanipata mimi, mwalimu mstaafu wa historia huko Setúbal, binti wa Abílio Fontão aliyekuwa mkuu wa ngoma wa Corveira. Corveira ni kijiji kilichokuwa bondeni kabla serikali haijauziba mto. Bango kwenye mlango wa darasa linasema: Midundo ya Asili ya Outeiro.

Outeiro haina mdundo wake hata mmoja. Watu wake walikuwa wakisimama mlimani wakitusikiliza. Tulipohamishwa wakabaki na midundo yetu, na kanisani kwao wakaiweka sanamu ya Mtakatifu Bartolomayo wetu pamoja na shetani wake aliyefungwa mnyororo. Sisi tukabaki na ufunguo wa nyumba iliyozama.

Na kuna ngoma yenyewe. Tuliiita Bibi, kubwa kuliko zote bondeni, yenye pete mbili za chuma alizozifua mhunzi wetu. Siku ya kuhama iliwekwa kwenye mkokoteni wa Belarmino Craveiro wa Outeiro, aliyekodiwa na ng'ombe wake kutupandishia vitu. Alirudi jioni bila ngoma. Akasema imeanguka mtoni pale darajani, ilikuwa imefungwa pamoja na plau, ikazama nayo. Baba alimjibu maneno matatu tu: "Ngoma huelea, Belarmino." Kisha tukapanda lori. Baba alifia kwenye ghorofa nje ya Lisbon, ambako majirani walimlalamikia kwa kugonga meza kwa vidole.

Belarmino yu hai, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Nimekuja kwa ajili yake.

Mei 10

Somo la kwanza. Wamekuja watu kumi na kitu, nusu yao wamekuja kuniangalia tu. Waliobaki baada ya mapumziko ndio wangu.

Zeferino, aliyekuwa tarishi, ameomba ngoma ndogo ya vijiti. "Mwalimu, mimi maisha yangu yote nimegonga milango ya watu. Kugonga sifundishwi."

Perpétua ni mjane mwenye nyonga ya chuma. Nilimshauri achukue filimbi akae kwenye kiti. Akanitazama kama nimemtukana. "Niliishi na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu na asimrudishe. Ngoma itanishinda?"

Na kuna mwanamke anayeendesha gari la mkate, mabega mapana, unga kwenye nyusi. Alipiga ngoma kubwa mara moja tu na vioo vya madirisha vikalia. Nikamuuliza jina.

"Noémia Craveiro."

"Craveiro yupi?"

"Wa Mzee Belarmino. Ni babu yangu. Unamfahamu?"

"Nimemsikia," nikasema.

Mei 14

Jua. Supu ya kabichi, mkate wa mahindi, kitabu. Mvua waliyoiahidi haikuja.

Mei 22

Nimekutana naye baada ya misa. Ana miaka themanini na saba na bado amenyooka, ndevu zimenyolewa vizuri, fimbo anaibeba kwa fahari tu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Binti wa Abílio. Una macho yake kabisa."

Na wewe una mali yake, nilitaka kumwambia. Nikasema, "Asante, mzee. Unaonekana una afya."

"Afya ipo, mwanangu. Tunaomba mvua tu. Maji yanashuka."

Nilinawa mikono nilipofika nyumbani, kisha nikajicheka.

Mei 29

Nimeamua nitakachofanya.

Corveira tulikuwa na mdundo ambao Outeiro hawakuuchukua, kwa sababu haukupigwa kwenye sikukuu. Mtu akiiba zamu ya maji ya kumwagilia, akihamisha jiwe la mpaka, kuku wa mtu akionekana kwenye sufuria yake, hatukumpeleka kwa askari. Wapiga ngoma walikwenda mlangoni kwake mchana kweupe, wakapiga. Ngoma kubwa pigo moja, kimya. Pigo moja, kimya. Halafu ndogo zote zinaingia kwa pamoja kama watu wanaonong'onezana, na ghafla zinakatika. Hakuna aliyesema neno. Mwizi alipaswa kufungua mwenyewe na kukiweka kizingitini alichokichukua. Asipofungua, wapigaji hawaruhusiwi kuondoka. Tuliuita mdundo wa mlangoni.

Asiyeujua ataona ni mdundo wa heshima, unafaa kabisa kutembea mbele ya mtakatifu. Nitawafundisha huo. Tarehe ishirini na nne Agosti, siku ya Bartolomayo, siku ambayo wazee husema shetani hufunguliwa mnyororo, wazee wa Corveira watakuja kwa basi kutoka Lisbon kama wanavyokuja kila mwaka kusimama nyuma kabisa. Watasikia Outeiro nzima ikijitangaza kuwa ni wezi kwa mikono yake yenyewe, na Belarmino akitembea katikati na utepe wake kifuani. Watacheka mpaka wakae chini.

Nimelala vizuri.

Juni 7

Nimeanza kuwafundisha pigo na kimya. Kimya ndicho kigumu. Zeferino hawezi kukivumilia, anakohoa.

"Kwa nini unakohoa?"

"Naona kama kuna mtu amekufa, mwalimu."

Juni 12

Vifundo vya vidole vya Noémia vimechubuka. Ukiipiga ngoma kubwa kama inavyotakiwa, kila pigo vidole vinavyoshika kirungu hukwaruza ukingo, na damu hurukia ngozi. Alichukua kitambaa kufuta. Nikamshika mkono.

"Acha. Hayo madoa hayafutwi. Ngoma ya baba yangu ilikuwa nyeusi pembeni kwa damu ya watu watatu waliomtangulia."

"Iko wapi sasa?"

"Wanasema ilizama."

Akaitazama damu yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu, si kama jina la ukoo. Sikuipenda hali hiyo.

Juni 24

Wamechoma sadini uani kwa ajili ya Mtakatifu Yohane. Perpétua amecheza na nyonga yake ya chuma. Niliombwa nikacheze, nikakataa, halafu nikacheza.

Julai 3

Kutoka dirishani: bomba la moshi la kinu chetu cha nafaka limetokeza majini. Nilidhani ni ndege amesimama.

Julai 6

Leo si bomba tu, ni paa la kinu pia. Yaani ukingo wa ukuta wake, paa lenyewe halipo. Joto halisemeki.

Julai 11

Mdundo umeshikana. Wanaupiga vizuri kuliko ninavyokumbuka kwetu, au nimezeeka. Kimya chao sasa kinauma mahali panapotakiwa. Walipomaliza walitazamana kwa furaha, na Zeferino akasema, "Hata mtakatifu atageuka kutuangalia." Wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikashuka ngazi peke yangu.

Wanaijia kazi yangu wakitoka kukamua mbuzi, kuoka mikate, kuosha wagonjwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ya mkokoteni, isipokuwa Perpétua, na yeye alikuwa msichana wa kulisha bata. Ninayaandika haya ili nijue ninachokifanya. Nitakifanya.

Julai 19

Daraja limetoka. Nusu ya mkoa imekuja na magari kulitazama, na mtu ameanza kuuza aiskrimu pale tulipokuwa tukifua nguo.

Nilishuka na Zeferino na Noémia. Tope limekauka na kupasuka. Kuna kitanda cha chuma, kuna sufuria, na chini ya tao la pili kuna plau. Ndiyo yenyewe, ya jirani yetu, ina mpini uliopinda. Imelala palepale aliposema Belarmino.

Nilizunguka sana. Mbao zinaoza, ngozi huliwa na samaki, lakini pete mbili za chuma zenye upana wa mikono iliyonyooshwa haziliwi na kitu. Plau ipo. Pete hazipo.

"Umepoteza nini, dada?" Zeferino akauliza.

"Bado najiuliza kama nilikipoteza," nikamjibu.

Noémia alikuwa akinisikiliza.

Julai 26

Belarmino amekuja mazoezini na mfuko wa cheri zilizokaushwa, zawadi kwa wanafunzi. Amekaa kwenye kiti cha nyuma, fimbo katikati ya magoti. Nikawaambia waanze.

Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, akainua kichwa. Ngoma ndogo zilipoingia niliona mkono wake ukitafuta ukuta. Nilikuwa nimesahau jambo moja: sauti hupanda mlima. Watu wa Outeiro wa umri wake walikuwa wakiusikia mdundo huo kutoka juu, na kuulizana ni nani leo.

Alisubiri mpaka mwisho. Akasimama, akavaa kofia.

"Mdundo mzuri," akasema. "Wa zamani."

"Wa zamani sana, mzee."

"Na mtaupiga wapi?"

"Mbele ya mtakatifu. Mbele yako."

Alinitazama kwa muda. Macho yake yalikuwa na maji, lakini ya wazee huwa hivyo. Mfuko wa cheri ameusahau kitini. Perpétua amezila zote.

Naandika hili kwa furaha safi: amejua, na hawezi kumwambia mtu yeyote alichojua bila kusema amekijuaje.

Agosti 2

Kamati imetangaza: mwaka huu maandamano hayatapita mtaa wa juu, na mbele ya mtakatifu itatembea bendi ya tarumbeta kutoka mjini. Sisi tutapiga uwanjani, baada ya chakula, karibu na wauza bia.

Perpétua amewaka moto. "Bendi! Watoto wa kukodi wenye vifungo vya dhahabu! Mikono yangu imeota sugu bure?"

Noémia aliniletea mkate nyumbani jioni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwalimu, mtaa wa juu ni wa kwetu. Maandamano yamepita mlangoni kwa babu tangu sijazaliwa. Tangu siku aliyoingia darasani hali chakula. Huu mdundo ni wa nini?"

Nilimwambia nitawaeleza wote kesho.

Agosti 3

Nimewaeleza. Sikuacha kitu: mkokoteni, plau, baba na meza yake, mdundo ulipigwa wapi na kwa nani, na nilichokuwa nimepanga kuwafanya watu hawa mbele ya basi zima la wazee wa Corveira. Nilizungumza kama ninavyofundisha, kwa mpangilio. Darasa lilikuwa katika kimya kile nilichowafundisha mwenyewe.

Perpétua ndiye aliyeanza. "Yaani siku zote hizi umenifanya ng'ombe wa mkokoteni wako?"

"Ndiyo."

"Na ukanisifia! Juzi ulinisifia!"

"Nilikusifia kwa haki. Unapiga vizuri."

"Afadhali ungenitukana, shoga. Tusi ningelijibu." Akachukua mkoba wake, akatoka akichechemea, na mlango akaubamiza.

Zeferino alikuwa akizungusha kijiti mkononi. "Nilisema nimegonga milango maisha yangu yote," akasema taratibu. "Ulicheka siku ile. Sasa najua ulikuwa unacheka nini." Akakiweka kijiti juu ya ngoma, kwa adabu, akaondoka.

Alibaki Noémia. Nilitarajia matusi, nilikuwa nimeyaandalia majibu. Akauliza tu, "Ilikuwa na ukubwa gani?"

Nikanyoosha mikono.

"Na pete za chuma," akasema. "Mbili."

"Mbili."

Akakaa. Akasema kwamba juu ya zizi la babu yake kuna dari la nyasi kavu, na utotoni alikatazwa kupanda. Alipanda mara moja. Akaona kitu cha mviringo kimezungushiwa blanketi la kijivu, akadhani ni pipa. Babu yake alimchapa siku hiyo tu katika maisha yake yote, kisha akalia yeye, mzee, si mtoto.

Nilisimama. Nilisema twende sasa hivi, tuna gari, nyasi tutazichoma ikibidi. Sijui nilisema nini kingine.

Noémia akavaa koti lake la unga na kuondoka bila kuniaga.

Agosti 5

Hakuna aliyekuja darasani.

Agosti 8

Hakuna.

Agosti 10

Hakuna. Nimepiga peke yangu. Ngoma moja bila wenzake ni kelele tu. Kutoka dirishani naona uwanja wetu wa kupuria nafaka, mweupe, mviringo, umekauka kabisa. Wakati wa mavuno baba aliipiga Bibi pale. Nilidhani nikiuona nitalia. Niliuona, nikapanga ni wapi ningesimama ili Belarmino anione vizuri kutoka nyumbani kwake.

Agosti 12

Noémia amepiga honi ya gari la mkate mbele ya shule mpaka nikashuka. Ndani wamekaa Zeferino na Perpétua katikati ya trei za mkate.

"Sikupanda kwenye dari," Noémia akaniambia. "Nataka ujue. Nilisimama chini ya ngazi siku mbili. Ningepanda nikaitoa, ningekuwa nimeiiba kwa mara ya pili. Wewe ndiye uliyesema: anafungua mwenyewe, anaiweka mwenyewe kizingitini."

"Ni babu yako."

"Ndiyo maana." Alikuwa na unga shavuni na machozi yamechora njia ndani yake. "Ulitaka tuupige barabarani ili watu wacheke. Huo si mdundo wa barabarani, mwalimu. Ni mdundo wa mlangoni. Tutaupigia mlangoni."

Perpétua akatoa kichwa. "Mimi bado sijakusamehe. Nimekuja kwa ajili ya ngoma. Na hiyo bendi ya tarumbeta nimemwambia mpishi wa kamati ailishe maharage asubuhi."

Hawa ni watu wenye hasira nzuri kuliko yangu. Yangu niliitaka iwe na watazamaji.

Agosti 17

Mazoezi. Wamerekebisha kosa langu kwenye pigo la saba. Nilibisha. Walikuwa sahihi.

Agosti 21

Watu wa hapa waliohamia Ufaransa wameingia kwa ajili ya sikukuu, magari makubwa, watoto wanaojibu bibi zao kwa Kifaransa. Bwawa limekuwa dimbwi.

Agosti 24

Naandika mkono ukiwa umefungwa bandeji.

Misa iliisha, Bartolomayo akatolewa mabegani mwa vijana, shetani wake miguuni amepakwa rangi mpya. Bendi ikashika njia ya chini. Belarmino hakuwepo. Walisema amejisikia vibaya, amebaki nyumbani. Sisi tukageuka tukapanda mtaa wa juu, na wazee wa Corveira waliokuwa nyuma kabisa, kama kawaida yao, wakajikuta wako mbele.

Mlango wake ni wa kijani. Noémia akasimama ambapo baba yangu angesimama. Hakunitazama. Akapiga.

Pigo moja. Kimya.

Nilisikia fimbo zikigota mawe nyuma yangu, kisha zikatulia. Nilikuwa nimeota kicheko chao majira yote haya ya joto. Hakuna aliyecheka. Wanaume walivua kofia. Albertina, aliyekuwa mke wa msaga nafaka, ambaye hatembei bila kushikwa, aliuachia mkono wa mjukuu wake akasimama wima.

Tulipiga, na mlango haukufunguka. Baba yake Noémia alikuja akikimbia kutoka kanisani, shati limemtoka. "We Noémia! Una wazimu? Huyo ni babu yako! Unamuua!" Noémia akapiga. Baba yake akamshika bega, naye akaendelea kupiga akiwa ameshikwa, mpaka mkono ule ukaachia wenyewe.

Padri akapanda kutuuliza kama hatumwoni mtakatifu anasubiri juani. Kwa kuwa wapigaji hawasemi, Albertina ndiye aliyemjibu: "Baba padri, Bartolomayo alichunwa ngozi akiwa hai. Jua la leo atalivumilia."

Jua lilizidi. Perpétua aliletewa kiti, akakisukuma kwa mguu wake mzima. Zeferino hakukohoa hata mara moja. Mkono wa kulia wa Noémia ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, na ngozi ya ngoma imejaa matone. Nilipoona kirungu kinaanza kumponyoka nilichukua ngoma kubwa ya mwanafunzi mwingine nikaingia. Sikuwa nimewahi kuipiga hadharani. Corveira wanawake hawakupiga ngoma kubwa, walifunzwa tu kuishona na kuitazama. Basi na mimi nikatoa damu yangu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimfahamu mtu huyu kwa chuki kwa muda mrefu kiasi cha kudhani ninamjua, na sasa nikaona huenda asifungue. Huenda akafa amekaa kwenye kiti chake nasi tukapiga mpaka Noémia aanguke, kwa sababu sheria niliyowafundisha haina mlango wa kutokea.

Komeo likavutwa.

Alikuwa amevaa suti ya sikukuu yenye nyasi kavu mabegani. Aliisukuma kwa goti na kwa mikono, inabingirika, blanketi la kijivu likiburuzwa. Noémia akapiga hatua kumsaidia, kisha akajizuia. Mzee akaifikisha kizingitini, akaliondoa blanketi.

Bibi. Pete mbili. Ngozi ya upande mmoja imetafunwa na panya, ya upande wa pili ni nzima, na pembeni ni nyeusi. Baadhi ya weusi huo ni baba yangu.

Ngoma zikakoma. Belarmino alizungumza na mimi, si na umati.

"Sikuipiga hata siku moja."

"Kwa nini uliichukua basi?"

"Ili niipige." Alipumua. "Nilipoifikisha hapa ndipo nikaelewa. Hakuna mtu bonde hili lote asiyeijua sauti yake. Ningeigusa tu, mngenisikia mpaka Lisbon. Nikawa nakwenda juu kwenye dari kukaa nayo."

Mahali fulani chini bendi ilikuwa bado inapiga, vibaya.

"Binti wa Abílio," akasema, na akanyoosha mkono, si kwangu, kwenye kirungu cha kupigia cha mjukuu wake. "Niruhusu niipige. Pigo moja tu. Halafu chukua."

Watu walinitazama wote. Noémia alinitazama. Uamuzi ulikuwa wangu kabisa, na nililijua hilo, na sikuharakisha.

"Hapana," nikamwambia.

Agosti 25

Nimelala mchana kutwa.

Septemba 4

Tumeloweka ngozi ya mbuzi kwa ajili ya upande ulioliwa. Perpétua ndiye anayejua kuikwangua manyoya bila kuichana. Amenisamehe, anasema, mpaka kesho. Zeferino amelibandua bango la mlangoni na kuandika jipya kwa mkono wake: Midundo ya Corveira, Inafundishwa Outeiro. Halmashauri wamepiga simu kuuliza ni nani aliyeidhinisha. Zeferino akawajibu ni mtakatifu.

Septemba 11

Noémia amekuja na mkate. Alimaliza kwanza kunywa kahawa.

"Babu hatoki nje. Hali chakula vizuri."

"Pole."

"Hajakukasirikia. Anauliza jambo moja tu, kila siku. Unalijua."

"Nalijua."

"Pigo moja, mwalimu. Litakugharimu nini?"

Nilimwambia kweli: sijui litanigharimu nini, na sitaki kujua. Nampenda msichana huyu kuliko ninavyowapenda wengi wa damu yangu. Nilimfungia bandeji upya.

Septemba 20

Mawingu upande wa magharibi, ya kweli safari hii. Zeferino anasema mvua ikianza maji yatarudi haraka, kwa hiyo leo ilikuwa leo.

Tuliiteremsha Bibi kwa gari la mkate mpaka kwenye uwanja wa kupuria. Kuta za nyumba yetu zinanifika kiunoni. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, sikuutoa, hakuna mlango. Noémia akaivaa ngoma, akauliza asimame wapi, nikamwonyesha jiwe nililolichagua siku ile dirishani. Kutoka pale nyumba ya mlango wa kijani inaonekana wazi, na dirisha lake la juu lilikuwa limefunguliwa.

Akapiga mdundo wa mavuno, mdundo wa furaha. Sauti ilitoka ilivyokuwa ikitoka zamani, ikapanda mlima kama kawaida yake. Tulimwona Belarmino dirishani. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, na kutoka bondeni sikuweza kuona uso wake. Hakulifunga dirisha. Mkono mmoja ulikuwa ukisogea gotini, juu na chini, pamoja na Noémia.

Tone la kwanza likaanguka kwenye ngozi mpya, tukaifunika kwa blanketi lake la kijivu. Njiani tukipanda, Noémia akiwa usukani, akaniuliza tena juu ya lile pigo moja, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia.

"Mwakani," nikamwambia. "Mwambie nitafikiria mwakani."

Ana miaka themanini na saba. Mvua imenyesha mpaka sasa ninapoandika, na bomba la moshi la kinu silioni tena.